Kuendesha Blogu Ukiwa Mwanza na Kuisambaza Mitandaoni: Maswali Yanayoulizwa Mara kwa Mara

Maswali haya yameulizwa na watu wanaoandika, au wanaojiandaa kuandika, kuhusu maisha ya Mwanza na visiwa vyake: mwalimu wa Nansio anayekusanya historia ya Ukerewe, mfanyabiashara wa Kirumba anayetaka kutangaza bei za dagaa kila wiki, wanafunzi wa Nyegezi wenye makala nzuri zisizosomwa na mtu. Anayejibu ameandika kwa miaka mingi akitumia simu na bando la kawaida. Jambo analoliamini kuliko mengine yote ni kwamba makala ikitoka nyumbani kwake isafiri na jina la mwandishi, tarehe na mahali ilipoandikiwa, popote itakapofikishwa.

Wasomaji wangu wote wako WhatsApp na Facebook. Kwa nini nihangaike na blogu?

Kwa sababu mitandao hiyo ni mnada wa mtu mwingine, nawe umepangiwa meza tu. Mnada ukihamishwa au ukifungwa, meza yako nayo inaondoka. Tarehe 4 Oktoba 2021, Facebook, WhatsApp na Instagram zilizimika kwa pamoja duniani kote kwa takriban saa sita, na aliyekuwa ameweka kazi yake yote humo hakuwa na mahali pa kumwelekeza msomaji. Waliokuwa wamejenga wafuasi katika Google+ walipata pigo kubwa zaidi, maana mtandao huo ulifungwa moja kwa moja mwezi Aprili 2019.

Ipo sababu nyingine ambayo kwetu ina uzito zaidi. Makala uliyoibandika Facebook huzama chini ya mengine baada ya siku chache, na iliyo ndani ya kundi la WhatsApp haitafutiki kwa Google hata kidogo. Mtu wa Geita anayetafuta leo namna ya kukausha dagaa wasiingie mchanga hataipata makala yako nzuri ya mwaka juzi, ingawa watu mia tatu wa kundi lako waliisifu siku hiyo. Iliyo kwenye blogu ataipata. Kwa hiyo weka kazi kamili nyumbani, halafu uipeleke mnadani.

Nianze na Blogger au WordPress?

Zote zinafaa, na muda unaotumika kubishana juu ya jambo hili ungetosha kuandika makala mbili. Blogger ilianza mwaka 1999 na ikanunuliwa na Google mwaka 2003. Ni ya bure, ni nyepesi, na haihitaji fundi. WordPress, iliyoanza mwaka 2003, ipo kwa namna mbili: unaweza kufungua blogu ndani ya WordPress.com, au ukaiweka programu yenyewe kwenye seva unayoikodi, yaani kompyuta ya kuhifadhia tovuti, jambo linalokupa uhuru mkubwa lakini linakudai kuisasisha na kuilinda mwenyewe.

Jambo ninalolisisitiza ni kikoa, yaani anwani ya blogu yako, kwa mfano inayoishia na .co.tz. Kinunue mapema, kabla hujasambaza viungo vingi, kwa sababu kila kiungo ulichokipeleka kwa watu kimebeba anwani hiyo na huwezi kuwafuata wote kuwaambia kwamba umehama. Hakikisha pia kwamba kimesajiliwa kwa jina lako na barua pepe yako, si ya kijana aliyekutengenezea.

Je, sheria inanitaka niwe na leseni?

Inategemea unachokichapisha, na jibu hili ulitafute kwa wenyewe. Kanuni za maudhui ya mtandaoni za mwaka 2018 ziliwataka wenye blogu nchini Tanzania wasajiliwe na Mamlaka ya Mawasiliano Tanzania, yaani TCRA, na walipie leseni. Baadaye zilibadilishwa na kanuni za mwaka 2020, ambazo nazo zimefanyiwa marekebisho. Kwa kuwa masharti na ada vimekuwa vikibadilika, kiwango ulichotajiwa na rafiki yako huenda ni cha zamani. TCRA ina ofisi ya Kanda ya Ziwa hapa Mwanza. Nenda ukaulize kabla ya kuanza, hasa kama unakusudia kutoa habari na matukio ya siku. Usome pia Sheria ya Makosa ya Mtandao ya mwaka 2015, kwa sababu hiyo humhusu kila anayeandika mtandaoni, mwenye blogu na asiye nayo.

Niandikeje makala ili ikisambazwa isipoteze maana?

Naomba nijibu kwa kisa changu mwenyewe. Miaka ya nyuma, kabla ya Daraja la Kigongo–Busisi kufunguliwa, niliandika tangazo fupi lenye kichwa kisemacho kwamba kivuko hakitafanya kazi kesho. Lilikuwa kweli siku ile. Miezi minane baadaye mtu alilikuta, akalituma kwenye kundi la wafanyabiashara, na likazunguka upya kama habari ya jana. Mama mmoja muuza nyanya wa Sengerema aliahirisha safari, na nyanya zake zikaharibika. Alinipigia simu bila hasira, akataka tu kujua ni kwa nini niliandika «kesho».

Tangu siku hiyo siandiki «kesho», «jana» wala «wiki hii» katika kichwa cha habari. Naandika siku, tarehe na mwaka, kisha mahali: si «sokoni» bali Mwaloni, Kirumba, si «kisiwani» bali Ukara, Ukerewe. Sentensi ya kwanza huyarudia hayo yote, kwa sababu anayesambaza mara nyingi hukata kichwa na kubakiza aya ya kwanza. Na pale ambapo bei imetajwa, tarehe huwa ndani ya sentensi ileile yenye bei, kwa maana mtu akipiga picha ya skrini sehemu hiyo peke yake, tarehe nayo iende.

Njia hii inasaidia pia wanaotafuta kwa Google, kwa kuwa watu hutafuta kama wanavyosema: «bei ya dagaa Mwanza», «nauli ya Nansio». Kichwa chenye mafumbo mazuri lakini kisichotaja kitu wala mahali hakitamfikia mtu huyo. Ukitumia neno la Kisukuma au la Kikerewe, liweke, kisha ulieleze papo hapo kwa Kiswahili; wapo wasomaji wanaokuja kwa ajili ya neno lenyewe.

Nikituma kiungo WhatsApp, kinatokea bila picha au na picha isiyo yake. Tatizo ni nini?

Unapobandika kiungo, mtandao husoma maelezo yaliyofichwa ndani ya ukurasa wako, yanayotaja kichwa, muhtasari na picha ya kuonyeshwa. Utaratibu huo huitwa Open Graph, na ulianzishwa na Facebook mwaka 2010. Ukurasa usiokuwa na maelezo hayo huufanya mtandao ubahatishe, na mara nyingi huchukua nembo ya blogu au tangazo la pembeni. Mandhari nyingi za WordPress na Blogger, yaani violezo vya mwonekano wa blogu, huyaweka zenyewe, mradi umechagua picha kuu ya makala. Kama hayapo, ipo programu jalizi ya kuyaongeza.

Picha yenye upana wa pikseli 1200 na kimo cha 630 hukaa vizuri karibu kila mahali. Ipunguze uzito pia. Picha inayotoka moja kwa moja kwenye simu ya kisasa inaweza kufikia megabaiti tatu au zaidi, na ikipunguzwa hadi chini ya kilobaiti 200 macho ya msomaji wa simu hayataona tofauti, lakini bando lake litaiona. Ukishabadilisha picha na mtandao bado unaonyesha ile ya zamani, ni kwa sababu umehifadhi nakala. Facebook ina ukurasa wa kukagua viungo ambao huulazimisha mtandao huo kusoma upya.

Nibandike makala yote WhatsApp au nitume kiungo tu?

Wataalamu wengi watakuambia utume kiungo peke yake ili wasomaji waje kwako. Sikubaliani nao. Msomaji aliye Igombe au katika kisiwa chenye mtandao dhaifu anaweza kuwa na bando la WhatsApp pekee, na kiungo kwake ni mlango uliofungwa. Anayetaka kujua kama boti itasafiri hapaswi kununua bando jingine ili apate jibu la mstari mmoja.

Ninachokifanya ni kuandika muhtasari wa mistari minne hadi sita unaojitosheleza: jambo lenyewe, mahali, tarehe, aliyelisema, kisha kiungo mwishoni kwa anayetaka undani. Asiyefungua anabaki na habari sahihi, na anayefungua anapata zaidi. Nakala nzima ya makala ndefu siibandiki, kwa sababu ikishakuwa ndani ya makundi siwezi kuirekebisha, ilhali kiungo humleta msomaji kwenye maandishi yaliyosahihishwa.

Je, nipeleke ujumbe uleule kila mtandao?

Makala ni ileile, lakini namna ya kuiwasilisha inatofautiana, kwa sababu kila mtandao una mipaka yake na watu wake.

WhatsApp ndiyo barabara kuu kwetu. Orodha ya utangazaji huchukua watu 256, na ujumbe hufika tu kwa yule aliyehifadhi namba yako. Kwa hiyo mwombe msomaji aihifadhi kabla hujamwongeza. Chaneli, zilizoanza mwaka 2023, hazina kikwazo hicho na hazionyeshi namba za wafuasi kwa wafuasi wengine, jambo ambalo wanawake wengi wanaosoma blogu yangu wamelifurahia. Fahamu kwamba tangu mwaka 2019 mtu hawezi kusambaza ujumbe kwa zaidi ya mazungumzo matano kwa mara moja, na tangu Aprili 2020 ujumbe uliokwisha kusambazwa mara nyingi hupelekwa kwa mazungumzo moja tu kila mara. Mipaka hiyo iliwekwa ili kupunguza kasi ya uvumi. Nayo ni mizuri, hata kama inapunguza kasi ya makala yako pia.

Facebook inafaa kwa picha nyingi na kwa mjadala, hususan katika makundi ya watu wa wilaya moja waliotawanyika mikoani, ambao huongeza kumbukumbu zao chini ya makala ya historia hadi maoni yakawa hazina kuliko makala yenyewe. Nikipata kumbukumbu ya namna hiyo humwomba mwenyewe ruhusa, kisha huiingiza kwenye blogu kwa jina lake.

Instagram haifungui viungo vilivyo ndani ya maelezo ya picha. Kiungo kinakaa kwenye wasifu wako au katika zile picha zinazodumu saa 24. Kwa hiyo huko hupeleka picha moja nzuri ya mawe ya Bismarck au ya anga la jioni juu ya ziwa, pamoja na maelezo yanayojitosheleza. X, uliokuwa ukiitwa Twitter, una kikomo cha herufi 280 kwa akaunti za kawaida, na kiungo chochote, kirefu au kifupi, huhesabiwa herufi 23. Waandishi wa habari na watumishi wa umma wengi wapo huko. Wavuvi ni wachache.

Ni wakati gani mzuri wa kuchapisha?

Ushauri unaotoka nchi nyingine hutaja saa za asubuhi ofisini, lakini wasomaji wangu wengi hawako ofisini. Wavuvi wa dagaa hufanya kazi usiku kwa taa, na taa zao huvuta dagaa vizuri pale giza linapokuwa nene. Mwezi unapokuwa mpevu, mwanga wake huzishinda, na wengi hupumzika nchi kavu wakishona nyavu. Siku hizo ndizo hupeleka makala ndefu kuhusu uvuvi, na majibu huwa mengi mno ukilinganisha na siku za giza. Bei za soko, kwa upande mwingine, lazima zitoke asubuhi na mapema, kabla magari ya mizigo hayajaondoka.

Mfanyabiashara wa duka la Makoroboi atasoma mchana wateja wakipungua. Mwanafunzi atasoma usiku. Waangalie wasomaji wako wewe, uwaulize, na uyaandike wanayokuambia kwenye daftari kwa mwezi mmoja. Kuhusu idadi, makala moja kwa wiki inayotoka bila kukosa inatosha kabisa.

Je, nitumie programu inayosambaza yenyewe kila mahali?

Kwa kiasi. Kupanga saa ya chapisho la Facebook ni msaada mkubwa kwa mwenye kazi nyingine, lakini usiwe tegemezi. Mwaka 2023, baada ya Twitter (sasa X) kubadili masharti ya programu za nje, WordPress.com ililazimika kusitisha kupeleka makala huko moja kwa moja. Zaidi ya hayo, programu haijui kwamba mtaani kuna msiba. Siku ya tukio zito sitisha kila kilichopangwa.

Nimekosea, na makala imeshasambaa. Nifanye nini?

Swali hili ndilo linalonigusa zaidi, kwa sababu sisi wa kando ya ziwa tumeona gharama ya taarifa zisizo na saa. Kivuko cha MV Nyerere kilipozama karibu na Ukara tarehe 20 Septemba 2018, watu zaidi ya 200 walipoteza maisha, na idadi iliyotangazwa ilipanda siku baada ya siku kadiri miili ilivyopatikana. Idadi ya jioni ya kwanza haikuwa uongo; ilikuwa ya jioni ya kwanza. Lakini iliposambazwa siku ya tatu bila tarehe, ndugu waliokuwa wakisubiri ufukweni walipata habari zinazopingana, na kila mmoja alishikilia ile iliyompa tumaini.

Kwa hiyo katika tukio linaloendelea, kila takwimu iambatane na saa na jina la ofisi iliyoitoa. Ukikosea, usifute makala kimyakimya. Weka juu kabisa mstari unaosema nini kilikuwa kimekosewa, nini ni sahihi, na saa ya kusahihisha, huku anwani ya ukurasa ikibaki ileile ili viungo vyote vya zamani viishie kwenye sahihisho. Kisha lipeleke sahihisho kila mahali ulipopeleka kosa, yaani kila kundi, kila chaneli, kila ukurasa, pamoja na ombi kwamba waliosambaza walisambaze tena. WhatsApp hukuwezesha kufuta ujumbe wako kwa wote kwa muda tu baada ya kuutuma, na nakala zilizosambazwa na wengine hazifutiki, ndiyo maana sahihisho lazima lisafiri kwa miguu yake.

Picha zichunguzwe kwa ukali huohuo. Kila ajali ya majini inapotokea, picha za ajali za zamani, hata za nchi nyingine, hurudi upya. Zipitishe kwenye utafutaji wa picha wa Google kabla ya kuziweka, na usipopata chanzo, acha makala iende bila picha.

Naweza kuchapisha picha za watu ninaowakuta sokoni?

Omba ruhusa, kwa maneno, na ueleze kwamba picha itaonekana mtandaoni. Wanawake wanaoanika dagaa wako kazini. Wengi watakubali ukiwaeleza, na atakayekataa amekataa. Usichapishe uso wa mgonjwa wala wa mtoto bila ridhaa ya anayehusika naye. Tanzania ina Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya mwaka 2022, iliyoanza kutumika Mei 2023, nayo inazigusa pia namba za simu unazozikusanya kwa ajili ya orodha yako ya WhatsApp. Usizitoe kwa mtu mwingine, na anayetaka kuondolewa aondolewe siku hiyohiyo.

Blogu nyingine imechukua makala yangu yote bila kunitaja.

Anza kwa kuandika barua ya heshima, ukitaja kiungo chako na tarehe, na uombe jina lako liwekwe au makala iondolewe. Mara nyingi hilo linatosha. Likishindikana, kazi yako inalindwa na Sheria ya Hakimiliki na Hakishiriki ya mwaka 1999, na ofisi ya kuiendea ni COSOTA, yaani ofisi ya hakimiliki ya Tanzania. Nawe usichukue za wengine.

Nitajuaje kama watu wanasoma?

Takwimu za blogu zitakuonyesha idadi, lakini wanaotoka WhatsApp mara nyingi huhesabiwa kama watu walioandika anwani wenyewe, kwa hiyo utadhani mtandao huo hauleti mtu. Unaweza kuongeza alama mwishoni mwa kiungo, tofauti kwa kila mtandao, ili takwimu zitenganishwe. Binafsi naheshimu zaidi simu ya mtu anayesema bei niliyoandika siyo aliyoikuta.

Nilindeje blogu na akaunti zangu?

Washa uthibitishaji wa hatua mbili kila mahali, yaani nywila pamoja na tarakimu za uthibitisho, na usitume kwa yeyote tarakimu zinazoingia kwa ujumbe mfupi, hata akijitambulisha kama mtumishi wa kampuni ya simu. Laini unayoitumia kurejesha akaunti iwe imesajiliwa kwa kitambulisho chako cha NIDA. Laini ya shemeji ikifungwa, blogu imeondoka nayo. Kila mwezi pakua nakala rudufu ya makala zote, kwani Blogger na WordPress zote zinaruhusu, uihifadhi kwenye fleshi iliyo nje ya nyumba unayolala. Picha asili zihifadhiwe kando, na ukizituma kwa WhatsApp zitume kama faili, maana zikitumwa kama picha za kawaida hupunguzwa ubora.

Mwisho, mtu mmoja unayemwamini awe na njia ya kuingia. Mzee mmoja wa Ukerewe alikuwa amekusanya hadithi za Kikerewe na Kijita kwa miaka sita. Alipougua ghafla, hakuna aliyejua nywila, na kikoa kilikwisha muda akiwa bado kitandani. Hadithi tulizozipata baadaye ni kumi na moja tu, zile ambazo wasomaji wake walikuwa wamezinakili kwa mkono.